Neno "Sijui"

Mbuzi ndiye aliyetusahihisha.
Alilala Keshero, kwenye shimo la mawe meusi,
macho wazi, majani bado mdomoni,
na kando yake panzi, na ndege mdogo wa kijivu,
kana kwamba wote waliitwa kwenye kikao kimoja.

Jana yake kompyuta yangu ilikuwa imepapaka kijani.
Kijani: salama. Pita. Chunga.

Mama Masika hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Ile mashine yako, ina pua?"

Nilijibu kama msomi, yaani kwa urefu.
Nikaeleza: mazuku ni hewa nzito kuliko hewa,
haina harufu, haina rangi, hutoka mwambani usiku
ikajaa mabondeni kama maji ndani ya beseni,
hadi jua lipande na upepo wa ziwa uipangue.
Akanisikiliza mpaka mwisho, akijipangusa mikono kwenye kitenge.
"Hayo tunayajua. Bibi yangu aliyajua
kwa kumtazama mbwa. Mimi nauliza mashine."

Haikuwa na pua pale.
Vihisi tulikuwa navyo kumi na kimoja kwa mji mzima.
Kimoja kiliibiwa betri (mtu alitaka kusikia redio, simlaumu),
kingine kilizikwa na majivu ya mlima.
Vilivyobaki vilisema kweli, kila kimoja palipo miguu yake,
na katikati yao, pasipo na kitu,
programu ilikisia.
Ilijaza pengo kwa wastani,
na wastani ukavaa kijani.

Hakuna aliyedanganya. Ndivyo tulivyoifunza:
kila swali lina jibu, ukinyamaza umefeli.
Ndivyo nami nilivyofunzwa, tangu darasa la kwanza.

Basi usiku, umeme ukikatika, ukirudi, ukikatika,
Paluku nami tukaketi kuifunza upya.
Si kujua zaidi; hilo lilitaka fedha.
Tuliifunza kusema sijui.

Unadhani ni rahisi? Jaribu.
Wiki tatu za hesabu kwa neno moja fupi:
ipime shaka yake, shaka iwe namba,
na namba ikivuka hapa, iweke rangi chini.
Betri ya akiba ililala juu ya chukudu mlangoni.
Mlima nao ulikuwa mwekundu chini ya wingu
kama mtu anayesoma kwa taa, asiyetaka kusumbuliwa.

Asubuhi ramani iliniaibisha.
Nusu ya mji ilikuwa nyeupe.
Profesa akasema kwa simu: "Mtamwonyesha nani hii?
Wafadhili hawanunui weupe."

Tulimwonyesha Mama Masika.
Aliishika simu mbali na macho,
akapitisha kidole Himbi, Keshero, karibu na Mugunga,
akasimama juu ya weupe wa shamba lake.
"Hapa haijui?"
"Haijui."
"Vema. Sasa inaweza kuuliza."

Akaanza kutaja: bonde nyuma ya kanisa,
shimo walipochimba kokoto,
choo kilichoachwa na watu wa kambi,
pale mshumaa huzimika ukiushusha hadi magotini.
Mwanawe alimsaidia kuhesabu, kidole kwa kidole,
miaka sita, kimo cha kiuno changu,
kimo kilekile hewa ile inachokipenda.

Niliandika yote. Nikamuuliza mtoto jina
ili nimtie kwenye orodha ya waliotupa data.
"Sikujua."
Nikadhani hakunielewa, nikarudia.
"Ndilo jina lake," mama akasema.
"Nilimzaa tukikimbia. Sikujua kama ataishi."

Vihisi vipya havijafika.
Hivi vichache tumevishusha kutoka kimo changu:
Sikujua alisimama kando ya nguzo, kisigino ukutani,
akajikaza asicheke,
na Paluku akatia chaki penye pua yake.

Mwakani tutampima tena.