Watatu wa Mbele

Sheria inasema watatu, wasipungue,
wasimame mstari wa kati, pua kwa pua na mazimwi.
Basi nawaweka vibwengo wa bei ya chini.

Mutheu hacheki. Anapanga mazimwi yake
kwa kucha zilizobambuka rangi,
kijani ileile aliyoyapaka mashavuni.
Chumba chake kiko juu ya duka la spea, Kirinyaga Road.
Uwanja ni kadibodi ya friji; miraba niliichora mimi,
ishirini na sita kwa kumi na tano,
mmoja umepinda pale kalamu ilipokwama.

Nyuma ya watatu, safu moja tupu.
Kisha watatu wengine, wameachana.
Pembeni wawili, na pembeni wawili,
mmoja mgongoni mwa mwenzake.
Usiwabananishe mabega, Nyakundi alinifunza,
ukuta uliobanana husukumwa mara moja ukaanguka wote.
Acha pengo, ila kila pengo lipate macho mawili.
Atakayepita hapo atupe dadu,
na dadu haina shemeji.

Wa kumi na moja namwacha mbali, karibu na goli,
peke yake. Namwita Akiba.

Saa mbili na robo, stima inapotea.
Tunaegemeza simu kwenye kikombe, tochi juu,
na vivuli vya mazimwi vinavuka uwanja
kabla ya mazimwi wenyewe.

Mutheu anatupa. Fuvu.
Anatupa tena.
Wa kwanza chali. Wa pili chali.
Wa tatu namtoa nje, namlaza
kwenye kifuniko cha Kimbo, ndiyo hospitali yetu.
“Pole,” anasema, sauti haina pole.

Lakini nyuma kumeshika. Zimwi lenye mpira
limefika kwenye pengo, limesita,
macho mawili huku, macho mawili kule.
Ningefurahi.

Namtazama yule wa kifunikoni,
rangi imemtoka gotini,
na nipo tena getini, Lunga Lunga, saa kumi na mbili asubuhi,
karani ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe,
mashine ile isiyo na kinga.
Hakuuliza majina. Alihesabu tu mpaka tatu.

“Zamu yako,” Mutheu anasema.

Bao likiingia tutapanga upya.
Watatu, wasipungue.
Mkono wangu, gizani, umeshaanza kupapasa
ukitafuta wale wa bei ya chini.