Kusahihisha Mashua

Kiinua mgongo changu kimelala kifudifudi
juu ya magogo mawili, ufukweni Usenge.
Miaka thelathini na minne ya kumeza vumbi la chaki
imegeuka mbao kumi na nane, misumari, rangi ya buluu,
na ubavuni jina walilomwita mama yangu, NYAR SAKWA,
ambalo mchoraji alilikosea, akafuta, akaandika tena.

Jumamosi mchungaji anakuja kuiombea.
Mbuzi yuko tayari, anakula mahindi ya jirani kwa niaba yangu.
Lakini leo ni Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
wanawake hawajatandaza nyavu za kuanikia omena,
nami nimekuja na vipande vitatu vya chaki nyekundu
ambavyo, nakiri, ni mali ya shule.

Nilianza kwa kugonga. Ko, ko, ko,
unavyogonga tikiti kabla hujatoa pesa.
Ubao mzima hujibu papo hapo.
Ubao wenye jambo hukawia kidogo,
kama mtoto anayetafuta uongo.

Wa nne kutoka omoni ulikawia.

Nikakwangua kwa ukucha. Jicho la mbao lilikuwa limeng'oka,
tundu likashindiliwa unga wa msumeno na gundi,
likapigwa msasa hadi likawa laini kama shavu.
Duara.
Msumari uliokataa kuzama. Duara.
Ufa, unywele tu, lakini unywele unaokwenda mahali. Duara.
Pamba ikichungulia kwenye kiungo
kama kamisi chini ya gauni la kanisani.
Na karibu na tezi, dole gumba la mtu
limekauka ndani ya rangi, na mistari yake yote.
Hilo nilipita. Si kosa. Ni sahihi.

Madoa kumi na moja. Nikasikia ndara nyuma yangu.

Ombewa. Darasa la sita, mwaka ule wa El Nino,
dawati la mwisho, pale paa lilipovuja.
Alikuwa akifuta kosa kwa mate na kidole
mpaka karatasi itoboke,
kisha anabandika kipande kwa nyuma, kwa ugali,
na anaandika jibu juu ya kiraka, taratibu, kwa mwandiko mzuri.
Nilimchapa viboko viwili kwa ajili ya tundu.
Hesabu yenyewe sikuitazama.

Sasa amesimama na randa kwapani, mvi mbili kidevuni,
anatazama duara langu la kwanza, la jicho,
naye anajua ninachojua,
na mimi najua ni nani aliyemfundisha
kwamba tundu ndilo linalopigwa.

"Mwalimu, umenipa ngapi?"

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga tangu omoni:
pesa yangu, maji yasiyo na huruma, wanangu wawili ndani.
Nikasema, "Sijajumlisha."

Akaweka randa chini.
"Kwa nje huoni zote," akasema. "Igeuzwe."
Tukaita watu, saba wakaja, wa nane akaja kutoa maoni.
Mashua ikatazama juu kwa mara ya kwanza.
Ombewa akachota ziwa kwa ndoo, akamimina ndani,
ndoo arobaini na kitu, mpaka jasho likamshinda,
kisha akajitupa chini ya mkuku, mgongo mchangani,
akaniita. Nikajilaza pia, mimi na sketi yangu na magoti yangu,
na simu ikimulika.

Tukangoja.

Tone lilitokea mahali ambapo mkono wangu ulipita mara mbili.
Halafu lingine. Halafu, mbali kidogo, unyevu tu,
kama mdomo wa juu wa mtu anayekaribia kusema.
Alinyoosha mkono bila kunitazama.
Nikampa chaki.

Maduara yake hayakuwa mazuri. Moja lilikuwa karibu pembetatu.
Alichora matatu, akafikiri, akaongeza la nne
mahali palipokuwa pakavu kabisa.
"Hapa?" nikauliza.
"Hapa nilikuwa na haraka."

Mchungaji tumemwambia wiki ijayo.
Mbuzi naye ameongezewa siku saba.
Hajashukuru. Amehamia kwenye maharage.