Ufunguo Uko Shambani

Saa tano nilifika, paneli ya sola mgongoni
kama mlango niliouiba,
mapafu yakinidai deni la kila ngazi.
Mia mbili na kumi na tisa. Nilizihesabu,
maana idara hulipa kwa ngazi, si kwa pumzi.

Hekalu limefungwa. Kufuli kubwa kuliko ngumi yangu.
Mtoto mwenye kamasi akanionyesha bonde kwa kidevu:
"Ufunguo uko shambani."

Na kweli uko shambani, unaning'inia kiunoni mwa Yangdol
aliyezama kwenye tope hadi magotini,
akiyaongoza maji ya barafu kuingia shayiri yake.
Leo zamu ni yake, mpaka jua liguse mwamba ule;
kisha maji ni ya Gyaltsen, na Gyaltsen hana msamaha.
"Hekalu lina miaka mia tisa," alisema bila kuinua kichwa,
"litakungoja. Maji hayana adabu hiyo."

Nikangoja. Nikatafuna aprikoti kavu za mfukoni.
Nikazungusha magurudumu ya sala ukutani;
moja, la mkebe wa maziwa ya unga, lililia kama bawaba.
Nikalitia grisi. Ndiyo ibada ninayoiweza.

Alikuja kabla zamu haijaisha. Sijui kwa nini.

Ndani, giza la siagi iliyochacha na moshi wa mreteni.
Akawasha utambi mmoja. Nuru haikuzidi ungo.
Katikati ya ungo huo, uso: Dolma, mama wa kijani.
"Huyu hunicheka," alisema Yangdol. "Miaka thelathini
namfuta vumbi. Siku theluji ilipommeza mume wangu
nilipanda kuja kumtukana,
akanicheka vilevile. Nikaona haya.
Nikarudi nyumbani nikakanda unga."

Kuta sikuzigusa. Nilipitisha waya juu ya boriti,
nikafunga balbu, nikabonyeza.

Loo!
Kuta zikaturukia. Bluu isiyouzwa duka lolote la Leh,
farasi, mawingu yaliyokunjwa kama masikio,
na chini, usawa wa goti, msafara wa watu wadogo,
mmoja wao anajikuna.
Nikacheka peke yangu.

Yangdol alikuwa amesimama mbele ya Dolma wake.
Mdomo wa Dolma umefumbwa, umenyooka kama uzi.
Kile kicheko ni ufa,
umepanda kutoka pembe ya mdomo hadi shavuni,
na maji ya paa yameshaanza kuupanua.

Alisogea. Akanyoosha kidole, akakirudisha.
"Swichi utaiweka wapi?"
"Popote. Karibu na mlango."
"Iweke juu," alisema. "Nisipofika."

Nikaiweka juu. Nikajaza fomu ya idara: taa moja, inawaka.
Penye maoni, ambapo huwa siandiki neno,
nikaandika: paa linavuja, ukuta wa kushoto, haraka.
Kisha nikazima.
Utambi ukarudi kazini,
na taratibu, kama mtu anayekumbuka utani wa zamani,
Dolma akaanza.

Nje, jua lilikuwa limeshaugusa mwamba.
Kule chini Gyaltsen anaziba mfereji kwa mawe na matambara;
nusu ya shayiri ya Yangdol bado kavu.
Akafunga kufuli, akalivuta mara mbili,
akatimua mbio mteremko mzima, jembe juu,
akiliita jina la Gyaltsen kwa sauti
isiyo ya sala hata kidogo.