Udongo Umelala

Mwaka wa kwanza nilipanda mwezi wa nane.
Jua liliwaka siku tano mfululizo juu ya Tandala,
nikavua sweta, nikadhani baridi imefungasha.
Mimi ni mtoto wa Kilosa.
Kwetu ukidondosha mbegu ukaenda kufunga mlango,
ukirudi ina majani mawili.
Nikachimba matuta manne nyuma ya nyumba ya zahanati:
maharage, maboga,
na nyanya nilizozilea dirishani kwenye makopo ya maziwa
nikazipa na majina, usinicheke.

Usiku wa sita mbingu ilitakata mno,
nyota zimesogea kama majirani wanaotaka kuazima chumvi.
Sikujua kwamba huku usiku mzuri ndio wa kuogopwa.
Asubuhi sakitu imelala juu ya kila kitu,
nyeupe, nyepesi,
unga uliomwagwa na mtu mwenye haraka.
Nikasema, kumbe kwapendeza hivi!
Ilipofika saa tatu jua likaigusa
na nyanya zangu zikawa nyeusi, zimelegea
kama mchicha uliosahaulika chunguni.

Elida Tweve alichungulia juu ya ua wa mianzi.
Hakusema pole. Alisema,
"Nesi, ulimuuliza nani?"

Nimuulize nani? Nilikuwa na kalenda ya benki ukutani
na methali moja niliyopewa na shangazi
kila mwaka ulipoisha bila harusi:
chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.
Nimeikimbia tangu nina miaka ishirini na mitano,
nikiwahi basi, nikiwahi foleni, nikiwahi kusema ndiyo
kwa mwanamume ambaye hakuwa ameuliza vizuri.

Mwaka wa pili nilimfuata Elida kama kifaranga.
Mwezi wa tisa mfyulisi ukachanua, waridi mtupu, bila jani.
Nikashika jembe.
"Bado. Huo una mdomo tu."
Maua yakapukutika.
"Bado."
Alipanda njegere na vitunguu saumu
("hawa ni wa huku, wana makoti")
lakini maharage yalibaki ndani ya soksi ya marehemu mumewe,
ikining'inia juu ya moshi wa jiko.
Nami nikageuza samadi, nikachekecha majivu,
nikageuza tena samadi ileile,
na hasira za mtu aliyekwisha kuvaa na gari halijaja.

Kila alfajiri alikuja kwangu, akavua buti moja,
moja tu, la kushoto,
akasimama mguu mtupu juu ya tuta, akahesabu kwa Kikinga.
Akifika kumi meno yanagongana, analivaa tena.
"Umelala."
Wiki iliyofuata alifika kumi na tano.
"Unajigeuza."

Hata siku moja, mwezi wa kumi unaelekea ukingoni,
mawingu ya kwanza yameteremka kutoka Kitulo,
alihesabu hadi ishirini, akaendelea, akapotea,
akaanza kunisimulia bei ya mbolea Makambako
na jinsi alivyogombana na muuzaji,
na mguu wake ungali udongoni.
Nikautazama. Hata yeye akautazama.
Nikavua viatu vyangu vyote viwili.

Tulipanda kabla ya chai.
Shimo la kina cha kidole, mpaka kiungo cha pili,
mbegu tatu: mbili zangu,
ya tatu ya panya, alisema, naye ana watoto.

Siku ya tisa yakainua migongo,
vichwa bado chini,
kama watu wanaotoka kwenye blanketi kwa kulazimishwa.
Ng'ambo ya barabara, mwalimu Chaula aliyetutangulia kwa mwezi mzima
alikuwa anafukua mbegu zake, zimeoza, anazinusa.

Nilichelewa, shangazi.
Nikawakuta, na ni wangu,
isipokuwa safu ya mwisho kando ya ua:
huko panya hakuridhika na fungu lake.