Kifutio

Nashona vitabu chini ya maktaba ya Turku,
chumba kisicho na dirisha, bomba la joto likivuma
noti moja, tangu Septemba hadi Mei.
Wenzangu linawakera. Mimi nalipenda:
likishasema neno haligeuki.

Vitabu huniletea majeraha yao.
Kila kimoja hufunguka chenyewe pale kilipopendwa mno;
uti ukishavunjika hausahau.
Ndiyo maana najua, bila kusoma, watu walilia wapi.

Riwaya za watu kama mimi huvunjika mahali pamoja:
karibu na mwisho. Mama yuko jikoni.
Mvulana (siku zote mvulana)
anamtazama machoni kwa mara ya kwanza
na kusema nakupenda,
kama lifti iliyokwama miaka kumi
ikafunguka mlango.
Hapo pana doa la chozi, au la kahawa.
Nimeshona hapo mara kumi na tisa.
Nimehesabu, ndiyo. Mtasema: mmeona?
Nahesabu kwa sababu uzi unalipiwa.

Kati ya hao kumi na tisa
saba waliijua siku ya juma ya tarehe yoyote,
watatu walimgundua muuaji,
mmoja alikufa ili kaka yake ajifunze upole.
Hakuna aliyechoka tu.
Hakuna mwenye miaka hamsini na miwili, goti bovu,
talaka, na hamu ya mkate mweusi saa nne za usiku.
Hakuna aliyechekesha kwa kukusudia.
Na msimulizi yuko nje, sikio kwenye ubao wa mlango,
anatutangazia: humu ndani kimya.
Si kimya.
Mnabisha mno, ndiyo maana hamsikii.

Daktari aliponipa neno usonji
nililipeleka nyumbani kwa basi
kama samaki aliyefungwa gazetini,
nikichelea lisije likanuka kwa abiria.
Lilikuwa langu tangu nizaliwe. Bado nililificha chini ya koti.

Jumanne hushuka Oiva, mtoto wa Raakel wa dawati la mbele,
miaka tisa, vizibasauti vikubwa masikioni.
Haniamkii, simwamkii; tunaheshimiana.
Hukaa chini ya meza yangu akisoma
maelekezo ya mashine ya kufulia.
Shule ilimpa riwaya, eti akajione.
Aliirudisha siku ya pili.
"Huyu," aliuliza, "hana mambo mengine?"
Nikatafuta jibu
hadi gundi ikakauka kwenye brashi.

Kisha kikaja kitabu cha zamani, kisicho na jalada,
ugomvi wa urithi, shamba la viazi, ndugu wasiosemeshana.
Ukurasa wa mia moja na kumi na saba:
mwanamke asiye na jina anauza mayai sokoni.
Anayapanga kwa rangi, kahawia hadi nyeupe,
mvua inanyesha, mteja anangoja.
Anamaliza kupanga. Anauza.
Mistari miwili.
Mwandishi hakumpa ugonjwa wala muujiza,
hakumwonea huruma;
akarudi zake kwenye viazi.

Pembeni, kwa penseli, mkono wa mtu nisiyemjua:
*Huyu.*
Basi. Hata nukta ilikuwa ndogo.

Kanuni ya kazi: penseli ifutwe kabla kitabu hakijarudi rafuni.
Miaka ishirini na sita nimefuta
namba za simu, matusi, mioyo iliyochomwa mishale,
wala mkono haukuwahi kusita.

Nilimsukumia Oiva kitabu chini ya meza.
Akasoma mara tatu, vidole vikipigapiga goti.
"Yai moja bei gani?"
"Haikuandikwa."
"Basi tutapanga sisi," akasema. Akapanga. Ghali mno.

Nikashona. Na pale, kwenye ukurasa huo,
niliuvunja uti kidogo kwa kidole gumba,
kosa ambalo mwanafunzi angefukuzwa kazi kwalo,
ili yeyote atakayekiangusha kitabu
kimfungukie hapo.

Kifutio nilimpa Oiva.
Anapenda harufu yake.