Tundu la Milimita Nane

Keekee namba kumi na nne niliinunua mnadani
siku walipofunga kiwanda cha cherehani.
Wanaume wanne waliishusha mtelemko wakilaani,
na mvua ya Eibar, ya manyunyu, isiyojua kwisha,
ikawalowesha hadi soksi.
Sasa imesimama chini ya nyumba yangu
kati ya madebe ya rangi na baiskeli ya marehemu.

Niliisimamia miaka ishirini na miwili.
Nakijua kikohozi chake cha asubuhi,
mkanda ungali baridi.
Napajua mpini ulipolika
kwa umbo la kiganja changu, si cha mwingine.

Leo kaja Koldobika.
Ndiye aliyekuwa akisimama nyuma yetu na saa ya kuhesabia,
akiandika: tundu moja, sekunde arobaini,
Maixa, jana zilikuwa thelathini na nane.
Kaleta mkongojo wa mkewe, wa bomba la alumini,
tundu la pini limechanika.
"Jipya moja tu," anasema. "Milimita nane."
Namwambia akae. Hakuna kiti; anakalia kreti.

Napaka wino wa buluu, nachora msalaba.
Napiga nukta, ko, nyundo mara moja,
maana ncha isiyoonyeshwa nyumba hutangatanga.
Nalibana bomba kwenye jiliwa, pembeni vipande vya mbao,
nakaza, nalitikisa, nakaza tena.
Kinachotobolewa hakishikwi kwa mkono:
Begoña alishika, mwaka ule, tena na glavu,
na Koldobika akasimamisha saa
kabla ya kusimamisha mashine.

Hilo hatulizungumzi.

Naanza na ncha ya tatu. Tone la mafuta.
Nashusha mpini, nauinua kidogo, nashusha;
alumini inatoka kwa mikunjo myembamba
kama ganda la tufaha linalomenywa na mtu asiye na njaa.
Ncha ya sita. Ya nane.
Ufunguo nautoa kila mara, nautundika msumarini.
Karibu na mwisho, bomba linapobaki utando,
mpini huvuta wenyewe, hutaka kukimbia.
Hapo ndipo nauzuia.

Namwona kwa pembe ya miwani:
anatazama kifundo cha mkono wake.
Saa hakuna, aliacha kuivaa,
ila jicho limekwenda lenyewe.

Nakwangua kingo kwa tupa ya mviringo
zisimkate mama wa watu.
Natia pini. Inaingia na mlio mdogo,
ulimi ukibanduka kwenye kaakaa.

"Nikupe nini?"
"Niambie zimekwenda dakika ngapi."

Kimya. Nje, mvua, mvua.
"Sikuhesabu," anasema.

Nazima. Haisimami papo hapo;
inazunguka bado kidogo, bila umeme,
kama ilivyozunguka siku ile.