Pindo la Kanga

Kaka zangu walichukua baiskeli na mizinga thelathini,
mdogo wao akachukua redio na koti.
Mimi nikaulizwa mwisho: na wewe, binti, wataka nini?
Nikasema kisu.
Wakacheka. Wakakitoa kwenye mfuko wa lile koti,
wakakiweka mkekani,
nami nikakiokota.
Kwetu kisu hakipokelewi mkononi.
Mkipeana hivyo, alisema baba,
mmepeana ugomvi.

Chuma chake ni springi ya lori
lililofia njia ya Kaliua mwaka wa mvua nyingi.
Mhunzi mmoja wa Usoke alilimaliza taratibu:
majembe, mashoka, nyundo ya mtu wa reli,
na kilichobaki, urefu wa kidole cha kati,
akakikunja ndani ya mninga
kwa ribiti moja.
Sasa mpini ni mweusi kwa jasho la watu wawili
na makali yameliwa na kinoo
hata ukikitazama ubavuni hukioni.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Baba alikuwa na kisu kikali.
Nyama tulikula Idi,
na Krismasi ya jirani.
Siku nyingine zote kilikata viazi,
viazi, viazi, vipande vya michembe
vilivyoanikwa mwambani
mpaka vikagongana kama vigae.

Mimi nakifunga pindoni
pamoja na noti na ufunguo wa bani.
Kinakata katani ya kufungia majani.
Kimekata kitovu cha mwanambuzi usiku, kwa mwanga wa simu.
Kimetoa mwiba kwenye unyayo wa Nshoma
aliyeapa hakuna mwiba.
Msiba wa mama mkwe kilikata uzi wa sanda,
na kesho yake kikakata kitunguu.
Nilikiosha, ndiyo. Nilikiosha mara mbili.
Ndipo machozi yakanitoka, ya kwanza tangu afe,
na wanawake jikoni wakasema:
vitunguu vya siku hizi!

Siku ya malipo ya tumbaku, Urambo, mlango wa benki,
mlinzi alikuwa na boksi la sabuni.
Visu humu. Humu. Hata wewe, mama.
Foleni nzima ikageuka
kutazama mwanamke akifungua pindo.
Nikakilaza juu ya vingine:
kimoja cha mpini wa plastiki nyekundu,
kimoja kimezungushwa mpira wa tairi,
kimoja kimevunjika ncha na mwenyewe bado anakitunza.
Wakulima wa kata tatu, ndani ya boksi moja,
kimya.

Ndani, dirishani, nikasomewa karatasi.
Wamekata mbolea.
Wamekata mbegu, na kamba, na ushuru wa chama.
Wamekata deni la Kasanda niliyemdhamini,
Kasanda aliyehamia Mpanda bila kuaga.
Mkono wangu ukashuka pindoni
ukakuta kitambaa kitupu.
Visu vyote vya Urambo vilikuwa nje, vimekunjwa,
na bado tulikuwa tunakatwa.

Nilipotoka mlinzi akainamia boksi.
Kipi?
Sikujibu. Akatazama kidole gumba changu,
alama ile ya kale, akachagua
bila kukosea.
Akaanza kuninyooshea.
Mkono ukasita hewani, ukarudi,
akakiweka juu ya kiti chake,
akageuza uso upande wa barabara.
Nikakiokota.
Sikumuuliza kwao wapi
wala nani alimfundisha.

Njiani, nyuma ya pikipiki, kwenye mashimo ya Songambele,
ribiti ililegea.
Kikakunjuka chenyewe ndani ya kanga,
kikanidonoa ubavuni.
Nikakikunja kwa mkono mmoja,
mwingine umeshika mkulima aliyekuwa akituendesha,
nikakiambia polepole, asisikie:
najua.
Najua.